Petroli ya Mama Riziki Haina Makosa

Jamaa zangu, leo nimekula aibu mpaka nikashiba. Na msidhani nawasimulia kwa kupenda.

Mnakumbuka wiki jana nilivyowapa somo humu kundini kuhusu mashine za kukata nyasi? Petroli isilale tangini miezi. Petroli isiingie maji. Hewa yetu ya Diani ina chumvi, basi zibeni kila tundu. (Maneno yangu hayo. "Kila tundu." Yashikeni.) Na kwa kuwa mimi ni mtu wa vitendo, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakivisha kifuniko cha tangi kama kofia, nikakikaza kwa mpira. Nikawatumia na picha. Mkanisifu!

Sasa sikieni. Pale kwenye nyumba za wageni ninapofanya kazi, leo kuna walima. Wageni wanafika saa tisa, na watakaa kwenye nyasi. Meneja wetu, Madam Njeri, ni mtu wa bara na hana mzaha. Jana aliniita: "Omari, miezi yako ya majaribio inaisha kesho. Nyasi ikitoka poa, nakuandika. Isipotoka, natafuta mtu mwingine." Miaka yote hii nimekuwa kibarua wa huku na huku, leo niandikwe! Nikamwambia mke wangu apike pilau. (Ndiyo, kabla ya kazi. Ndivyo nilivyo.)

Asubuhi nikapita Ukunda kibandani kwa Mama Riziki, anayeuza petroli, nikajaza kidumu. Saa mbili nikatia petroli, nikaifunga kofia vizuri, nikavuta kamba. Ikanguruma mara ya kwanza! Nikakata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikakohoa. Ikazima.

Nikavua ile kofia, nikafungua kifuniko nitazame petroli. Kikalia: fsss! Petroli tele. Nikapuliza tangini, nikasoma Bismillahi, nikafunga, nikairudisha kofia mahali pake. Nikavuta kamba. Ikawaka!

"Hii ndiyo mikono ya fundi, Bi Mwanasiti," nikamwambia mpishi wetu, aliyekuwa akinitazama kupitia dirisha la jikoni.

"Haya," akajibu, akaendelea kukuna nazi.

Mistari mitatu. Ikazima. Nikafungua, fsss, Bismillahi, ikawaka. Mistari mitatu tena. Ikazima tena. Mwenye akili angejiuliza ile fsss inatoka wapi. Mimi niliamini pumzi zangu zina baraka.

Nikachomoa plagi, nikaifuta. Nikafungua kabureta, nikaisafisha mpaka ikang'aa. Ikawaka, nikashangilia, ikazima. Kufika saa tano kiwanja kilifanana na kichwa kilichonyolewa na kinyozi aliyekimbia njiani. Madam Njeri akatoka.

"Imekataa aje? Si ulisema hii mashine unaijua?"

Hapo nikatafuta wa kumtwika. (Sikutafuta mbali.)

"Mashine ni nzima, Madam. Ni petroli. Yule Mama Riziki ameitia maji."

Nikampigia simu hapo hapo, nikaiweka kwenye spika ili Madam ausikie ukali wangu. "Mama Riziki, petroli yako ina maji! Njoo uichukue!" Bila salamu. Bila shikamoo. Mtu wa umri wa mama yangu! Akajibu neno moja: "Nakuja."

Akaja kwa bodaboda, buibui linapepea, mkononi ana chupa tupu ya jamu. Akamsalimu Madam. Akamsalimu Bi Mwanasiti, akamuulizia watoto, akamuulizia wazazi. Akamsalimu mpaka paka. Mimi akaniruka.

"Mimina hapa," akasema.

Nikamimina petroli ya tangini ndani ya chupa. Akaiweka mezani penye mwanga. "Maji ni mazito kuliko petroli. Yakiwamo yatatuama chini, mtayaona wenyewe. Haya, tazameni."

Tukatazama. Tukangoja. Petroli safi, juu mpaka chini. Hapo ndipo mtu mwenye haya angeomba radhi. Mimi nikasema, na mashahidi ninao: "Huenda maji yamejificha."

"Yamejificha!" Mama Riziki akamtazama Madam, kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, bodaboda wote wa barabara ile wanajaza kwangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mwizi. Leo waniita wewe, kwa maji yaliyojificha?"

Nikaona vibaya, wallahi. Lakini nilikwisha kuivaa suti ya ufundi mbele ya meneja, na kuivua sikujua.

Bi Mwanasiti akatoka jikoni na mwiko wake. Huyu kwao Munje, kwa wavuvi, na kaka zake wana boti za mashine.

"Omari, hicho ulichokivisha kifuniko ni nini?"

"Kofia, Bi. Ya kuzuia chumvi."

"Na lile tundu dogo la juu ya kifuniko? Umeliziba?"

"Nimeliziba barabara!" (Kwa fahari, jamani. Kifua mbele.)

Bi Mwanasiti akacheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia. "Lahaula! Kwetu tangi la boti lina skrubu juu ya kifuniko, ya kuingiza hewa. Ukisahau kuilegeza, hufiki mbali, mashine inazima. Hewa isipoingia, petroli haiteremki. Umeinyonga mashine tangu asubuhi! Kila ukifungua inapata pumzi, na wewe wadhani ni dua zako!"

Mama Riziki hakungoja. Akairudisha petroli yake tangini, akafunga kifuniko, ile kofia akaitia mkobani. Akakunja mikono ya buibui, akavuta kamba mara moja. Ikawaka! Akaisukuma mpaka ukutani. Akageuza. Akarudi. Mistari mitatu ikapita, nikawa naomba izime. (Kazi yangu inategemea ile mashine, na mimi naiombea izime!) Haikuzima. Madam Njeri alikuwa ameshatoa simu, anarekodi.

"Mama, nipe nimalizie," nikasema.

"Wewe shika reki."

Nikashika reki. Mama Riziki akakata kiwanja chote, mimi nyuma yake nazoa nyasi, na saa saba haijafika kikawa kizuri mno. Alipozima mashine nikamwendea, macho chini.

"Shikamoo, Mama Riziki. Niwie radhi."

"Shikamoo ya asubuhi unanipa adhuhuri?" Akanipima kwa macho. "Marahaba. Ila radhi hiyo ya pembeni siitaki. Ulinivunjia heshima kwenye spika, watu wakisikia. Si una kundi la mafundi kwenye simu? Waandikie wote, kama ilivyokuwa. Usiruke neno."

Nikamgeukia Madam Njeri aniokoe.

"Mama akiniambia ameridhika, naandika barua yako," akasema. "Asiporidhika, nampa yeye hiyo kazi. Si umeona vile anakata?"

Basi ndugu zangu, nasema mbele yenu nyote: petroli ya Mama Riziki haina maji, ya kuonekana wala ya kujificha. Lile somo langu la wiki jana lifuteni, na aliyekwisha kukata tyubu ya baiskeli airudishe kwa mwenyewe. Na msicheke, nawaomba, maana Mama Riziki ameketi ubavuni mwangu akisoma kila ninachoandika, na kila ujumbe wenu anauona kabla yangu.

Mke wangu amepiga kuuliza kama apakue pilau. Nimemwambia aifunike kwanza, Mama Riziki bado anasoma.