Ubao wa Wateja Walioridhika

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Saio, Bunia.

Leo natimiza miaka ishirini na miwili na miezi mitano nje ya mji wetu wa Kilo. Nilikuja kukaa wiki mbili.

Binti yangu Joëlle amekwenda matangani Mongbwalu, atarudi Jumamosi. Ameniachia meza yake ya maharagwe sokoni. Wateja wale amewatafuta kwa miaka sita, na watoto wake watatu wanasoma kwa meza hiyo. Alinishika mkono wakati wa kuaga: "Papa, usibadirishe kitu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa karani wa bohari Kilo miaka kumi na tisa.

Nimebadilisha kitu kimoja tu. Joëlle akishapima kopo huongeza konzi moja juu, ile tunayoiita matabishi. Sasa, kama kopo limejaa, matabishi ni ya nini? Ni kukiri kwamba kopo lilipungua. Nimeleta rula. Nasawazisha kopo mbele ya macho ya mteja na siongezi hata punje. Usahihi huleta imani.

Mama Gentille, mwenye mgahawa, huchukua makopo ishirini kila asubuhi. Aliitazama rula, akauliza kama napima maharagi ao dhahabu. Akahamia meza ya jirani, kwa Mama Vahwere, ambaye hurundika kopo mpaka punje zinamwagika. Kazi ya ovyo.

Jumanne, 7 Oktoba.

Wateja wawili. Mmoja alikuwa anauliza njia.

Nimegundua tatizo: watu hawajui kwamba mimi ni mwaminifu. Nimeandika kwenye katoni kwa herufi kubwa: HAPA HATUIBI.

Mama Vahwere aliisoma kwa sauti, soko zima lisikie. "Muzee Lambert, nani alisema kama munaiba?" Nikajibu hakuna. Akasema basi sasa watasema. Kufikia saa nane walikuwa wanasema.

Jumatano, 8 Oktoba.

Katoni nimeiondoa. Mtu akijisifu mwenyewe hana uzito, lazima asifiwe na wengine. Kwa hiyo nimeandika kwenye ubao majina ya wateja walioridhika na Joëlle. Kwa kuwa nachukia uzembe, nimeweka safu nne: namba, jina, mahali alikotoka, idadi ya watu nyumbani. Majina kumi na tano, Gentille wa kwanza, ili ashawishike kurudi. Mistari imenyooka. Nimeutundika juu ya meza jioni nikarudi nyuma hatua tano kuutazama. Boharini wangeufurahia.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu nikakuta mstari. Watu kama arobaini, wengine wanakuja. Niliunyoosha ubao. Nikajiambia, haya ndiyo matangazo.

Kisha nikaona mifuko mitupu. Mwanamke wa kwanza alinipa kadi yake ya kambi ya wakimbizi, akasema jina lake limesahauliwa kwenye liste, na nyumbani wako saba. Akauliza mafuta yatafika lini.

Katika mji huu, orodha yenye jina, asili na idadi ya watu wa nyumba haina maana mbili: ni ya mgao wa msaada. Nimesimama mbele ya orodha kama hiyo mara nyingi, nikitafuta jina langu kwa kidole. Na bado nikaichora mwenyewe, kwa rula.

Nikaeleza kwamba ni matangazo ya biashara. Mzee mmoja akasema: "Tangaza basi, siye tunangoja." Wakacheka. Hakuna aliyeondoka. Honoré, mkuu wa soko, akaja akasema niwape kitu ao nifunge, na nikifunga, meza ya Joëlle itapata mtu mwingine kesho.

Nikagawa. Konzi moja moja kwa mkono, waliomo ubaoni na wasiokuwamo. Gunia zima na nusu ya la pili. Mama Gentille alipita na beseni, akasimama, akatazama, akaenda zake. Niliona aibu. Konzi haisawazishwi kwa rula.

Wa mwisho mstarini alikuwa Fabien, tuliyefanya kazi pamoja boharini. Hatukuwa tumeonana tangu vita vilivyotutoa Kilo. Alinipa mkono kabla ya kunipa mfuko. Akanieleza habari za nyumba yangu ya kule: wachimbaji walifuata mshipa wa dhahabu, ukapita sebuleni. Sasa ni shimo lenye maji. Nikauliza kina chake. Alidhani mita nane. Yeye anarudi Kilo mwezi ujao, anataka twende wote. Nilimjazia mfuko.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Sikufungua. Nimetunga maelezo ya kumpa Joëlle. Rasimu tatu. Ya tatu ina vichwa vidogo.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Joëlle alishuka kwenye lori na vumbi mpaka kwenye kope, akaenda moja kwa moja sokoni. Nilimfuata na rasimu mkononi. Hakuisoma. Mbele ya meza walikuwapo watu: Mama Gentille na beseni lake, na nyuma yake baadhi ya wanawake wa Alhamisi, safari hii wamekuja kununua. Gentille alimwambia: "Papa yako aligawia hata watu benye hawanunue. Sasa miye njo atanipunguzia?" Joëlle akapima makopo ishirini, matabishi juu ya kila moja. Rula yangu aliitumia kufukuza kuku.

Mama Vahwere hakunisalimia.

Jumapili, 12 Oktoba.

Nimelitafakari jambo hili. Ubao ulifanya kazi, ila ulihitaji siku tatu. Joëlle anasema ni matabishi. Hakusomea ukarani. Ameniomba, kwa heshima, nisikanyage tena pale mezani.

Nimepata rangi nyeupe. Ubao wa pili utakuwa mkubwa zaidi, na safu ya tano: sahihi ya mhusika. Namba moja nimemwandika Fabien, asili Kilo.

Alipita baada ya ibada kutaka jibu langu la safari ya Kilo. Nikamwambia rangi haijakauka. Akakaa, akasema atangoja ikauke. Ikakauka.

Sokoni nitarudi kesho. Kilo sitarudi.