Hotuba ya Meya Yanis Akizindua Maji ya Kidijitali, Tizi Ulmu

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyetuma udhuru, mwakilishi wa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyeko njiani, dereva wa mwakilishi, uliyetangulia na tunakuona pale kivulini, waheshimiwa madiwani wenzangu wa Orodha Huru ya Raia, tuliogombea bila chama, mzee wetu Dda Mokrane, mkuu wa baraza la kijiji, mama zetu mliokuja na madumu yenu, ndugu zetu wa Marsei, Ufaransa, mnaotufuatilia mubashara, mtandao ukirudi, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya dereva.)

Mnanifahamu. Mimi ni Yanis Aït Belhadi, mtoto wenu, niliyekuwa mshauri wa masuala ya kidijitali kule Aljeri, nikiyashauri makampuni makubwa makubwa, likiwemo moja la biskuti ambalo, baada ya kutekeleza mpango mkakati wangu kikamilifu, halikuhangaika tena na biskuti. (Kicheko.) Nashukuru kuona mnafurahia mafanikio ya kijana wenu. Nilikuwa na ofisi yenye vioo na kiti kinachozunguka, lakini raia walipoanza kufurika barabarani kila Ijumaa kudai mabadiliko nikajiuliza, Yanis, utazunguka humu mpaka lini? Nikateremka, nikaandamana kuanzia Posta Kuu hadi pale nilipopigwa picha, na picha hiyo mnaijua, kwa sababu nimeibandika kwenye kila ukuta wa kijiji hiki. Ndipo nikawaletea fikra mpya kabisa katika siasa zetu, kwamba vyama vimetuchosha, orodha hii itaongozwa na raia, na raia mwenyewe nitakuwa mimi. (Makofi machache. Mtu anauliza kama kahawa itatolewa.)

Kahawa itatolewa, ndugu yangu, mchakato wake unaendelea.

Sasa nije kwenye ajenda ya maji. Nilipoingia madarakani nilikuta mmejipanga kufanya tiwizi, ile kazi yetu ya pamoja ya tangu enzi za mababu, kila nyumba imtoe mtu mmoja, mchimbe mtaro kutoka chemchemi ya Ighil hadi mtaa wa juu. Mabomba mlikuwa mmeshayapandisha kwa punda. Mimi, kwa uchungu wa kiongozi anayeona mbali, nikasema simameni! Haiwezekani katika zama hizi za uchumi wa data raia akashika sululu ambayo haijasajiliwa kwenye mfumo. Nikawaomba msubiri aplikesheni itakayomtambua mchimbaji, ipime ari yake na kumpa cheti. Mkasubiri kipupwe, mkasubiri majira ya maua, na sasa jua hili mnaliona wenyewe. Huo ndio ushirikishwaji wa wadau. (Miguno.)

Naona Nna Ouardia amenyanyua mkono. Karibu mama yetu, kwa kifupi tu.

(Nna Ouardia anasimama, akiegemea sululu. Anasema harusi ya binti yake Thiziri imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu mtaa wa juu hauna maji ya kupikia kuskusi ya wageni, achilia mbali ya kuoshea vyombo. Wakwe wamechoka. Wametuma neno kwamba Ijumaa ijayo ikipita hivi hivi, mtoto wao ataoa kwingine. “Thiziri analia chumbani, Yanis. Mwaka jana mtaro ungekuwa umekwisha. Sisi tulikusikiliza wewe.”)

Asante sana, Nna, kwa mrejesho huo wenye tija. Nitamjibu mama yetu kwa takwimu, maana takwimu hazilii. Katika awamu ya majaribio, asilimia hamsini ya watumiaji wa mfumo wameridhika kupita kiasi, na asilimia hamsini iliyobaki ni shemeji yangu, ambaye ameahidi kuujaribu. Kuhusu harusi, naielekeza kamati iandae upembuzi yakinifu, na bibi harusi tutamweka kwenye kundi la makundi maalumu. (Dda Mokrane anasimama bila kuitwa, anawageukia watu na kumpa meya mgongo.)

Naam, mzee wetu anakuja kuniunga mkono. Dda, kipaza sauti hiki hapa.

(Dda Mokrane hakitaki. “Kesho alfajiri, Ighil,” anawaambia watu. “Kila nyumba mtu mmoja na sululu yake, na nyumba ya Aït Belhadi imo. Asiyekuja, baraza litamtoza faini, na asitarajie salamu ya mtu hapa kijijini.” Mikono yote inanyooshwa juu. Watu wanaanza kuondoka.)

Mmeona wenyewe, azimio limepita kwa kauli moja! Nimefarijika mno na mwamko huu mnaouonyesha mkielekea majumbani. Kabla hamjaisha kuondoka, tuitikie pamoja. Raia kwanza! (Madumu yanagongana.) Data mbele! (Dereva: “Mbele!”) Maji kwa kidole! (Viti vinaburutwa.)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wahandisi wa mfumo huu, ambao tangazo lao la kazi nitaliandika wiki ijayo. Naushukuru mfumo wenyewe, ambao hadi dakika hii upo hapa, kichwani mwangu, mahali salama kabisa. Na mliouliza mtaipakua wapi aplikesheni, nawashukuru kwa imani yenu, kwa sababu hata mimi nilikuwa nawauliza wenzangu hivyo hivyo.

(Nna Ouardia amebaki. Anapanda jukwaani polepole, anaweka sululu juu ya karatasi za hotuba.)

Naipokea zawadi hii kwa unyenyekevu mkubwa, mama yetu. Nitaitundika ofisini, chini ya picha yangu.

(“Si zawadi, mwanangu,” anasema Nna Ouardia. “Ni zamu ya nyumba yenu. Chimba, halafu Ijumaa uje ule kuskusi.”)