Majaketi ya Kuelea: Utafiti wa Nchi Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Siamini masikio yangu! Bi Mkubwa, mwenye duka, katangaza asubuhi kwamba ananunua majaketi mapya kumi ya kuelea kwa ajili ya shule yetu ya kupiga mbizi. Aina moja tu. Atakayemwandikia ulinganisho mzuri wa aina zilizopo anakuwa Mshauri wa Vifaa. Na Mshauri wa Vifaa anapewa chumba. Chumba! Chenye mlango! Miaka tisa nimekaa koridoni nikitundika nguo za mpira zinazonidondoshea maji utosini.

Wote wakamgeukia Fundi. Ndiye anayetengeneza vifaa, na amepiga mbizi miaka ishirini. Fundi akasema kuandika si kazi yake, yeye ataeleza kwa mdomo. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Kuna kasoro moja ndogo. Sijui kuogelea.

Mke wangu hana habari. Wakati wa uchumba nilimwambia niko kwenye kazi ya kupiga mbizi. Nilimaanisha dukani. Yeye akampelekea mama yake habari, mama yake akautangazia ukoo, na mpaka leo ukweni naitwa Samaki. Sasa nimrekebishe nani, na nianzie wapi?

Jumanne, 4 Machi

Utafiti umeanza. Jambo lenyewe rahisi mno. Jaketi ni mfuko wa hewa: mpiga mbizi akiujaza anapanda, akiupunguza anashuka. Aina zetu ni mbili. Moja hewa yake inazunguka mbavu na mabega. Nyingine hewa yote iko mgongoni. Basi! Kwa hilo Fundi kapoteza miaka ishirini?

Mchana nikajifungia stoo na jaketi la mbavuni. Nikapuliza kwenye mrija wake kwa mdomo mpaka nikaona nyota. Lo! Lilivyonibana! Nikataka kutoka, mlango ukanikataa. Nikarudi nyuma, nikakwama kati ya kabati mbili. Nikaita kwa sauti ya chini, maana pumzi yote ilikuwa ndani ya jaketi.

Akaja nani? Fundi, bila shaka. Akavuta kijikamba begani mwangu, hewa ikatoka fyuuu, nikarudi umbo langu. Akauliza ninafanya nini. Nikamjibu, utafiti wa nchi kavu. Akauliza majini nitaingia lini. Nikamwambia maji humchanganya mtafiti. Alinitazama muda mrefu sana, na sikupenda.

Jumatano, 5 Machi

Leo jaketi la mgongoni. Nimepanda na kushuka nalo ngazi ya duka. Vidato kumi na vinane. Mtafiti huhesabu kila kitu. Kifua huru, mbavu huru, pumzi tele. Nimelipenda!

Mteja mmoja alikuwa kaunta akilalamika kwamba jaketi la mgongoni ukilijaza kupita kiasi ukiwa juu ya maji, linakusukuma kifudifudi. Nikainakili kauli yake neno kwa neno, ukurasa wa pili. Maana yake hasa sikuijua, lakini ina harufu ya utaalamu.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Bi Mkubwa kaisoma ripoti yangu mbele ya wote. Nilipoandika kwamba jaketi la mbavuni linakukumbatia kama shangazi ambaye hajakuona miaka mitatu, akaishusha karatasi, akasema tangu afungue duka hajasikia mtu akieleza kifaa hivyo. Fundi naye akakubali kwamba yaliyoandikwa yote ni kweli. Nilishtuka kuliko yeye. Yote?

Kisha Bi Mkubwa akasema, basi Jumamosi nitawaonyesha. Bwawani. Na familia zikaribishwe.

Nikaketi juu ya mtungi wa hewa.

Nyumbani nikamwambia mke wangu mafua yananinyemelea. Akasema hata kama ni kichaa nitakwenda, ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga. Tena mama yake yuko kwenye lile kundi la akina mama wanaofanya mazoezi bwawani kila Jumamosi, na keshawaambia wenzake wote. Mungu wangu! Mama mkwe! Na mimi nitakuwa na kikaptula cha kuogelea!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika huku sikio la kushoto limeziba maji.

Mpango ulikuwa hauna dosari. Nitavaa la mgongoni, nitalijaza hewa mpaka mwisho, nitaingilia upande wa maji mafupi. Mtu aliyejaa hewa hazami. Hata mtoto anajua.

Nikashuka ngazi ya bwawa nikipunga mkono. Mke wangu akapiga vigelegele. Nikabonyeza kitufe, jaketi likajaa, miguu ikaachana na sakafu. Naelea! Mimi! Nikageuka niwatazame watu.

Ndipo jaketi likanisukuma kifudifudi.

Haki ya Mungu, sijawahi kuogopa vile. Pua ndani, mdomo ndani, mgongo juu kama jiwe limenikalia. Nikapiga miguu. Nikapiga mikono. Nikazunguka. Watoto wangu wote wawili wakanijia akilini, na majina yao nikayasahau. Nikajua nakufa, na nakufa bila kukaa hata siku moja kwenye kile chumba.

Mkono ukanidaka ukosini, ukaninyanyua. Mama mkwe! Na kofia yake ya maua! Akaniambia kwa upole sana, baba, simama.

Nikasimama.

Maji yalikuwa kiunoni. Watu wengine maji huwafika shingoni ndio wanapiga kelele. Mimi nilikuwa nafia kwenye maji ya kufulia. Mke wangu kashika mdomo. Mama mkwe kanikazia macho, na kikaptula changu kimeshuka nusu.

Hapo ningesema kweli. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi. Badala yake nikatema maji, nikapaza sauti, kwamba wameona wenyewe! Hiyo ndiyo kasoro ya jaketi la mgongoni, ukurasa wa pili!

Bi Mkubwa akapiga makofi. Wote wakapiga makofi. Akina mama wa mazoezi wakayapiga maji kwa viganja. Nusura na mimi niamini.

Jumatatu, 10 Machi

Nina chumba! Yameagizwa ya mbavuni kumi, kwa ushauri wangu. Mlango nimeufungua na kuufunga mara kadhaa, haupigi kelele.

Fundi akaingia, akaufunga nyuma yake. Akaniambia, ndugu yangu, najua. Alijua tangu siku ya kabati. Akasema hata yeye aliogopa maji mpaka alipokuwa mtu mzima, hakuna aibu. Akajitolea kunifundisha asubuhi kabla duka halijafunguliwa, bila mtu kujua. Akasema maji hayajali mtu anaitwa nani. Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Nilishangaa! Sikudhani wivu unaweza kumfikisha mtu mzima hapo. Nikamshukuru, nikamfungulia mlango.

Mara Bi Mkubwa huyo, furaha tele. Ulinganisho umebaki nusu, amesema. Bwawani tumeona, bado vilindini. Jumapili tunakwenda kwenye maji marefu, mimi na yeye, mita kumi na nane. Yeye hajashuka miaka mingi, kwa hiyo nitakuwa mwenzake huko chini. Uhai wake ameukabidhi mikononi mwangu. Na mama mkwe kaomba nafasi kwenye boti, aje kumwona Samaki wake.

Mita kumi na nane! Nikakumbuka upole wa Fundi. Nikamwona kupitia dirishani, ameinama juu ya kazi yake. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia Bi Mkubwa kumi na nane ni chache kwa mtu kama mimi, lakini kwa ajili yake nitavumilia.

Sina wasiwasi. Jioni nimevaa la mbavuni, nikashuka ngazi ya duka vidato vyote kumi na vinane, mpaka chini kabisa. Nimekaa huko dakika tano. Nikapanda tena, na hata pumzi haikunibana.