Maneno Magumu kwa Wafuga Nyuki

Jumatatu, 6 Machi 1967

Nimeamua. Nafasi ya katibu wa ushirika wa wafuga nyuki ni yangu. Tangazo liko mlangoni mwa ofisi yao pale Mtendeni tangu Ijumaa. Intavyu ni Jumatano ijayo, tarehe kumi na tano.

Na lazima niipate. Jana tukitoka misa mke wangu, Mama Bertila, alitamka kwamba amechoka. Mwaka wa pili huu yeye anakaanga maandazi, mimi nasoma magazeti barazani. Asipopatikana mwenye mshahara humu ndani mwezi huu, tunafunga mizigo, tunahamia Ziba kwa kaka yake kulima pamba na kuchunga ng'ombe. Mimi, Modest! Niliyepiga taipu miaka tisa kwa Mzungu! Nikachunge ng'ombe! Shemeji yangu ni mtu anayeamka saa kumi alfajiri bila kulazimishwa.

Jioni nikapita dukani kwa Navin Bhagwanji kununua chumvi. Akanifungia kwenye karatasi iliyochanwa kitabuni, kama kawaida yake. Nafungua nyumbani, macho yakanitoka. Kitabu cha maneno magumu ya Kiingereza, maana na asili zake! Ukurasa mmoja tu na tayari ninalo "sesquipedalian". Limetoka Kilatini, kitu cha urefu wa futi moja na nusu. Yaani neno refu kupita kiasi, au mtu ayapendaye maneno ya namna hiyo. Nikalitamka kwa sauti mara tatu. Chumvi ikamwagika yote. Mama Bertila akauliza kama nimeumwa na kitu.

Mpango ni huu: kukimeza kitabu kizima kabla ya Jumatano. Kamati itabaki mdomo wazi.

Jumanne, 7 Machi

Nimekwenda kwa Navin kukichukua kitabu chote. Akakataa! Kilikuwa katika vitabu vya Mzungu mmoja aliyerudi kwao, na karatasi za kufungia bidhaa siku hizi ni taabu. Hapo nikafanya kosa. Nilimwambia kwamba ni kitabu cha thamani sana. Akakitazama upya, akanitazama na mimi, akakisogeza nyuma ya kopo la bizari. Sasa anasema kinatoka pamoja na bidhaa tu, na hachagui ukurasa. Nimerudi na pilipili manga, iliki na hamira. Kurasa tatu.

Njiani nikakutana na Omari, fundi cherehani. Anashona nyavu za uso za wafuga nyuki, na cherehani yake iko pale pale kwenye baraza ya ofisi ya ushirika. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kurudi, sisi ni watani. Kwenye maziko ya baba yangu mkubwa alijitumbukiza kaburini akagoma kutoka mpaka alipoahidiwa jogoo. Kwa hiyo Omari akisema jambo, mimi nacheka tu. Ndiyo heshima yenyewe.

Leo kanipa kali. Ati intavyu itakuwa kwa Kiswahili mwanzo mwisho, kwa kuwa serikali imeagiza hivyo maofisini. Ati Mzee Masolwa, mwenyekiti, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Nimecheka mpaka iliki ikanidondoka. Ukatibu kwa Kiswahili! Kiswahili si kila mtu anacho?

Akaongeza kwamba anasema kweli, hafanyi utani. Hapo ndipo nilipoishiwa pumzi kabisa kwa kucheka.

Alhamisi, 9 Machi

Siku njema. Nimepata "mellifluous": "mel" ni asali, "fluere" ni kutiririka. Maneno yatiririkayo kama asali! Hilo limeumbwa kwa ajili ya wafuga nyuki. Nimepata na "ultracrepidarian", mtu asemaye mambo yaliyo nje ya kazi yake. Mshona viatu wa zamani alikosoa ndara kwenye picha, akasikilizwa. Kesho yake akataka kukosoa na mguu. Mchoraji akamwambia asipite ndara. Nikamwona Omari mzima mzima humo ndani.

Ila nina adui. Raymundi! Yule aliyeacha seminari. Nimemkuta kwa Navin ananunua karanga, na anazila huku akiisoma karatasi. Kilatini anacho tayari, mizizi yote ya maneno anayo kichwani. Nikamsalimu, hakusikia. Mtu hasomi karatasi ya karanga hivyo bure. Anataka ukatibu.

Nikafikiri haraka. Navin alikuwa anautamani mwavuli wangu tangu masika yaanze. Nimempa mwavuli, nimebeba karanga zote za dukani, zimefungwa tayari. Sasa Raymundi atasoma nini? Nyumbani tumekula karanga mchana na jioni. Mama Bertila akauliza mwavuli uko wapi. Nikamwambia umekwenda kufanya kazi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeipata dhahabu! "Sincere". Mtu mkweli, asiye na hila. Kitabu kinaeleza kwamba watu wengi husema limetokana na maneno mawili ya Kilatini, "bila nta". Wachonga sanamu walaghai walikuwa wanaziba nyufa kwa nta. Aliye mwaminifu aliuza sanamu yake bila nta. Nta! Na ushirika wenyewe unauza nta! Hii ndiyo itakayonipa kiti.

Mwisho wa ukurasa imeandikwa "hata hivyo", kisha basi. Ukurasa unaofuata sina. Nimefungua karanga zote zilizobaki, haumo. Bila shaka anao Raymundi. Si kitu. Baada ya "hata hivyo" huwa hakuna la maana.

Omari kapita jioni na kichekesho kipya. Ati mke wangu naye amepeleka barua ya kuomba ukatibu! Ati Mzee Masolwa aliisoma mwenyewe bila kusaidiwa, akamsomea na mlinzi. Nimegonga ukuta kwa kicheko. Nikamsimulia Mama Bertila palepale. Hakucheka. Akaniuliza kama ningekasirika iwapo ingekuwa kweli. Nikamweleza kwamba utani ukishachekwa umekwisha, haufukuliwi tena. Akageuza maandazi yake.

Alisoma mpaka darasa la nane kwa masista, lakini utani hawakumfundisha.

Jumatatu, 13 Machi

Nimemwahi Raymundi. Nilimwambia, kwa uso wa huruma, kwamba intavyu imesogezwa mpaka Alhamisi. Akaniuliza intavyu ipi. Mnafiki mkubwa! Nikamwambia anaijua mwenyewe. Akaniuliza kama naumwa, kisha akanitolea karanga.

Jumanne, 14 Machi

Ukurasa wa mwisho niliopata, ndani yake mna bizari: "candidate". Asili yake ni weupe! Huko Roma mtu aliyeomba cheo alivaa joho alilolipaka chaki likang'aa, raia wamwone kwa mbali. Basi nimeelewa kwa nini wenzangu hushindwa. Wanakwenda na suti za rangi ya udongo.

Suti yangu ni ya kijivu. Chaki hakuna. Chokaa ipo, imebaki debe zima tulipopaka nyumba kwa ajili ya Noeli. Nimeipaka suti tabaka tatu. Imesimama yenyewe kwenye kona bila mtu ndani. Mama Bertila ameiangalia, ameniangalia, akasema kwa upole sana, Baba Bertila, kesho waambie tu kazi unaijuaje. Nikamwambia aniachie mambo ya ofisi.

Jumatano, 15 Machi

Niandike upesi kabla mikono haijavimba zaidi.

Nilitoka nyumbani Ng'ambo saa mbili; Mama Bertila alikwishatoka. Saa mbili na robo mvua ikashuka, na mwavuli ulikuwa kwa Navin. Chokaa ikaloa. Kisha ikaanza kuwasha! Shingoni, kwapani, hadi mahali pasipoandikika. Nimefika Mtendeni natiririka maziwa. Mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma, akasema ndoo na brashi ziko ghalani, na kwamba walinitegemea tangu wiki iliyopita.

Kwenye benchi la wanaosubiri, nani yupo? Mama Bertila! Amevaa gauni lake la Jumapili, ameshika bahasha. Moyo ukanilainika. Kumbe mke wangu amekuja kunitia moyo, na amewaletea kamati bili ya maandazi! Nikamwambia arudi nyumbani, ofisini hakai mtu asiye na shughuli. Akasema atasubiri kidogo. Akatoa leso, akanifuta chokaa kwenye kope. Akaniomba tena, taratibu, nijibu tu watakachoniuliza. Raymundi hakuonekana. Amekwisha!

Ndani wazee watano. Nikatoa shikamoo, wakaitikia marahaba. Mzee Masolwa akasema kwa Kiswahili kwamba ana swali moja tu. Mfuga nyuki ametembea siku mbili kutoka porini na nta yake, nta ina takataka, haipokeleki. Utamwambiaje hata aende kuisafisha na arudi tena, asiende kuiuza kwa walanguzi?

Swali dogo! Nikasimama, nikaanza na "sesquipedalian". Nikawapa futi moja na nusu. Nikawapa "candidate" na sababu ya suti yangu. Mzee mmoja akahamisha kiti chake mbali na matone. Nikawapa "mellifluous", wakachangamka kidogo waliposikia asali. Hapo nikatoa dhahabu. Nikawaambia kwamba kwa Kiingereza mtu mwaminifu ni mtu asiye na nta.

Mzee wa mwisho kulia akaniuliza, kwa kuwa yeye ameishi na nta tangu utoto, na ghala lao hapo nyuma limejaa nta hadi darini, je, mimi nimekuja kuwaita waongo? Nikasema hapana, Warumi ndio waliosema. Akauliza Warumi hao wanauza nta wapi. Wakaanza kunong'onezana upesi upesi. Nikasikia neno "chokaa".

Mzee Masolwa akalirudia swali lake. Polepole, kama mtu amsaidiaye mwenzake kuvuka mto. Naam, alinipa nafasi ya pili! Nikajua amevutiwa na anataka zaidi. Nikampa "ultracrepidarian", na mshona viatu, na ndara, na mguu. Akashusha pumzi, akanishukuru, akaniomba nimwite aliyeko kwenye benchi.

Nikatoka nikamwambia Mama Bertila wanamtaka, nadhani ni kuhusu maandazi.

Kazi ni yangu. Nasikia mwilini. Au ni chokaa.

Alhamisi, 16 Machi

Jina limebandikwa mlangoni. Nimelisoma mara nne. Imakulata. Nikauliza ni Imakulata gani. Mlinzi akasema ni wa maandazi, yule mama wa kueleweka.

Yesu na Maria! Mke wangu! Ndani ya nyumba yangu! Nimekaa kwenye ngazi za ofisi, nimeumia, sitaki kudanganya karatasi. Nilitamani ardhi inimeze. Ati aliwaambia kwamba yeye angemkaribisha huyo mfuga nyuki kwanza uji, kisha angemwonyesha nta safi na yake pamoja, azishike zote mbili kwa mkono wake, na kesho wangeichuja pamoja. Hivyo tu! Hakuna hata neno moja la kufungua kamusi!

Raymundi akapita akanikuta hapo. Akatoa mfukoni karatasi yenye mafuta ya karanga, akasema aliniona nikitafuta sana kurasa hizi, basi akanitunzia huu. Hakuomba kazi yoyote, anafundisha shule ya Itetemia tangu mwaka jana. Nikausoma. Ndio ule wa "hata hivyo"! Unaendelea kwamba maelezo hayo ya nta hayana ushahidi, na wataalamu wengi wanayakataa.

Basi nimeona kilichoniangusha. Ukurasa mmoja! Ningekuwa nao, ningewaeleza wazee nadharia zote mbili, na leo mambo yangekuwa mengine.

Jumatatu, 20 Machi

Mama Bertila ameanza kazi leo. Ziba imefutwa, ng'ombe wa shemeji watachungwa na mwenyewe. Nafikiri kwa kweli mpango wangu umefaulu kwa kupitia mtu mwingine. Sasa atahitaji msaidizi. Nimeshaandika barua ya maombi, kurasa sita, kwa Kiingereza kilichonyooka. Nitaipeleka kwa mwenyekiti moja kwa moja, mke asije akaonekana anapendelea ndugu.

Mchana Omari kaja na kikubwa kuliko vyote. Ati asubuhi ya intavyu, kabla sijafika, Mama Bertila aliingia kwa Mzee Masolwa peke yake. Omari alisikia kila kitu kutoka kwenye cherehani. Ati alimwomba mzee kwamba mume wake akijibu swali atakaloulizwa kwa namna ambayo hata mfuga nyuki mmoja angeielewa, basi barua yake yeye ichanwe na kazi apewe mumewe, kwa kuwa anaumia kumwona amekaa bure na moyo umemvunjika. Ati mzee alikubali. Ati ndiyo maana aliniuliza mara mbili.

Alisema hayo yote bila kutabasamu, mkono kifuani, na machozi yamemlenga. Mzaramo huyu! Nusura nimwamini! Nimecheka mpaka majirani wametoka nje kutazama.

Mama Bertila aliporudi kutoka ofisini jioni nikamsimulia, na sauti ya Omari nikaiigiza. Hakucheka hata kidogo. Alinitazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Uchovu wa kazi mpya huo.