Kurejeshwa kwa Ndayikeza Bila Kitovu Chake

Kitahana, Kibondo

Ndugu Ofisa wa Kurejesha Watu Kwao,

Pole na kazi. Huku kwetu tu wazima, mvua ipo na maharage yameshika vizuri.

YAH: UPUNGUFU KATIKA AMRI YENU

Nimesoma barua mliyomwandikia jirani yangu Nduwayezu, kwamba maombi yake ya hifadhi yamekataliwa, na kwamba Ijumaa atapakiwa kwenye lori yeye, mkewe na binti yao Ndayikeza, mwenye miaka tisa, ili mtoto naye "arudi alikotoka". Mimi ni raia mtiifu. Ila kazi nusunusu siipendi, na nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mtoto huyu ametoka chumbani kwangu, kitanda cha dirishani, mke wangu Generosa akimzalisha huku mvua inapiga bati. Kutoka mlangoni kwao ni hatua arobaini, nimezipima. Lori la nini? Atembee.

2. Mkishikilia kwamba ni ng'ambo ya mpaka, kitovu chake kimezikwa kwenye shina la mgomba wangu, na barua yenu haikukitaja kabisa. Njooni na jembe. Lakini mgomba huo umebeba, kwa hiyo mtasubiri mkungu ukomae.

3. Meno yake manne ya utoto yako juu ya paa langu, aliyarusha mwenyewe. Njooni na ngazi.

4. Kiswahili na hesabu amefundishwa na mwalimu wa Serikali, na sasa ananisahihisha mimi mbele ya waumini kanisani. Hiyo ni mali ya umma, haifai kuvushwa mpaka. Mtafutieni mtaalamu wa kumsahaulisha, aanze na tebo ya saba, maana hata mimi ilinishinda.

5. Generosa. Mtoto humpitia kila asubuhi kumwamkia kabla ya kwenda shule. Tangu barua yenu ifike, mke wangu anasonga ugali na kusahau kuupakua. Mimi nalia shambani, ambako hakuna wa kuniuliza. Mkimchukua mtoto, mchukueni na Generosa. Na mkimchukua Generosa hamwezi kuniacha mimi, sijui hata chumvi inakaa wapi.

Kwa hiyo naomba lori kubwa zaidi, la kubeba mgomba, paa na wazee wawili. Kama halipatikani, mtoto na wazazi wake wabaki.

Nisalimie wote hapo ofisini, na watoto wako, popote walipozaliwa.

Mimi mtiifu wenu,
Tharsisi, mkulima wa migomba

Nyongeza: Nimemsomea mama yangu, Bibi Esteri, barua hii. Amecheka mpaka akaomba maji. Anasema mimi nilizaliwa huko huko ng'ambo, alipokwenda kumuuguza dada yake, na kitovu changu kimezikwa kule. Kwa hoja zangu mwenyewe, mwenyeji hapa ni Ndayikeza, na wa kupakiwa Ijumaa ni mimi. Tafadhali chaneni yote niliyoandika hapo juu. Hoja nyingine sina, ila kwamba yeye ni mtoto, na hapa ndipo kwao.