Mashine za Bwana Wilkoksi

Jumamosi, 27 Rajabu 1327

Leo nimefedheheka tena, na sababu ni ile ile: chuma cha jirani.

Mimi Khelef bin Hamoud, ambaye babu yangu alikuwa na shamba la karafuu Kidichi na watu wakimwamkia kwa kuinama, sasa ni msimamizi wa ukoka. Ukoka! Bwana Wilkoksi, nahodha wa Kiingereza aliyestaafu, ana uwanja wa majani mbele ya nyumba yake Mnazi Mmoja. Haupandwi kitu. Halishwi mnyama. Unakatwa tu, ukiota unakatwa tena. Kazi yangu ni kusimama na bakora na kuwatazama vibarua wakisukuma mashine mbili za kukatia, moja kubwa, moja ndogo, zote kuukuu. Zikipita utadhani mtu anaburuta masufuria.

Nyumba ya pili msimamizi ni Msabah. Jana wameletewa mashine mpya. Ya kijani! Ina kapu la kudakia majani. Haina sauti hata kidogo. Msabah ameiegemeza ukutani makusudi, kila apitaye aione.

Na apitaye ni nani? Bi Kulthum, mama yake Nunu. Nunu nimemposa, nimekubaliwa, harusi ni mwezi ujao wa Shaabani, kabla ya kufunga. Lakini Msabah naye aliwahi kuposa, na Bi Kulthum hakumfungia mlango kabisa. Leo kapita na Sichana, mtumishi wake, akasimama kuitazama ile ya kijani. Zangu hakuzitazama. Nilipomwamkia aliniuliza kama ule mlio ni wa mashine au kuna mtu anaumwa.

Nikaenda kwa Bwana kuomba mpya. Akasema hizi bado zina afya, zimekata majani tangu yeye hajaota mvi. Kichwa chake cheupe chote! Mwenye macho angeielewa hoja yangu hapo hapo.

Jumatatu, 29 Rajabu

Nimepata. Mungu hamtupi mja wake.

Keshokutwa ni Siku ya Mwaka, mwaka mpya wetu wa jua. Mama yangu, Bi Shemsa, ameshaanza kukusanya: majivu ya jikoni, vyungu vilivyopasuka, mkeka ambao hata paka haulalii. Kila nyumba mjini inatoa ukuukuu wake ukatupwe pamoja na nuksi za mwaka mzima. Nani atalishangaa gari moja la takataka katikati ya magari yote? Nani atafukua majivu aone chini kuna nini?

Mashine zitaondoka na mwaka wake. Bwana ataambiwa ni wezi. Bila mashine hakuna ukoka mfupi, na Mzungu bila ukoka mfupi hapati usingizi. Ataagiza mpya. Nitamshauri nyekundu.

Msabah atalia.

Jumatano, 1 Shaabani

Imekwisha!

Alfajiri, hori la Funguni, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, limejaa maji mpaka ukingoni. Nilikodi hamali na gari lake. Alinung'unika njia nzima kwamba majivu ya kwetu ni mazito. Nikamwambia tulikuwa na mwaka mzito.

Tulipofika akaona magurudumu. Akauliza kama chuma kizima vile ni cha kutupwa. Nikaona tamaa imeanza kumwingia. Basi nikapaza sauti, wote waliokuja kutupa na kuoga wasikie: kilichotupwa Siku ya Mwaka hakirudi nyumbani, na anayekirudisha anairudisha nuksi yake yote. Watu wakaitikia. Bibi mmoja akanisifu, akasema vijana wa siku hizi mila hawazijui.

Kubwa ilizama kwa heshima. Ndogo ilisimama kwanza, mpini juu, kama inanitazama, kisha nayo ikaenda. Nilihisi kitu moyoni. Nadhani ilikuwa furaha.

Nikaoga mwaka. Nikaenda kwa Bwana na maji bado yamo masikioni, nikampa habari ya wezi. Nilitoa na machozi. Bwana alinipigapiga bega, akasema pole Khelef.

Ijumaa, 3 Shaabani

Msiba.

Baada ya sala Bwana aliniita. Mezani pana sanduku lililoshuka na meli. Akalifungua mwenyewe, taratibu. Ndani mna visu vipya, vya mashine kubwa na vya mashine ndogo, vimepakwa mafuta na kuviringishwa karatasi. Aliviagiza Ulaya tangu kaskazi bila kuniambia, ili anifurahishe. Mimi! Akasema kwa visu hivi mashine zetu zingekata kuliko ile ya jirani. Sasa ni bure, maana haviingii mashine nyingine yoyote.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, habari ya mashine mpya. Akasema haagizi. Mji una wezi.

Kisha akaniambia dada yake anakuja. Jumamosi ya wiki ijayo kuna karamu ya chai juu ya ukoka, na ukoka uwe kama zulia. Nikishindwa, atatafuta msimamizi mwingine. Alisema kwa upole. Mzungu akisema kwa upole ndipo uogope.

Na mvua imenyesha, wala si msimu wake. Majani yamenifika kwenye kifundo cha mguu.

Bi Kulthum alipokubali posa alimkubali msimamizi wa Bwana Wilkoksi, hakumkubali mjukuu wa Kidichi. Kazi ikienda, Nunu anakwenda nayo. Nimelala kifudifudi mpaka magharibi.

Jumapili, 5 Shaabani

Vibarua wamejaribu kwa mundu. Uwanja umekuwa ngazi. Nimewafukuza.

Nikaazima mbuzi kwa mjomba Thuwaini wa Tunguu. Mbuzi wanataka majani, majani ninayo, nani angekataa? Ukoka hawakuugusa. Wamekula mawaridi ya Bwana, wakala shuka iliyoanikwa, na mmoja akala kofia yangu, ile ya kushonwa kwa mkono, nusu nzima. Mjomba anasema mbuzi wa shamba hawajazoea chakula cha mjini.

Msabah aliyatazama yote kutoka ukutani. Akaniambia kwa adabu kwamba mashine yake anaweza kuniazima siku moja, jirani ni jirani, niombe tu. Niombe! Nikamjibu ukoka wangu naurefusha makusudi, ndiyo desturi mpya ya Ulaya. Akaitikia, akaenda zake. Sikukaa sana nikajuta, lakini mtu wa nasaba hamwiti mtu mara mbili.

Jumanne, 7 Shaabani

Alasiri nimekwenda Funguni, maji yametoka. Mashine kubwa haipo. Nikaelekezwa kwa Mmanga mhunzi, kibanda chake kiko pale pale ukingoni. Nakuta wanawake wamejaa mlangoni. Mmanga ameivunja mashine, na vile visu anavifua mbuzi za kukunia nazi! Anasema chuma namna hii hajapata kukishika, nazi inakwisha kabla hujakaa vizuri. Nikamkumbusha nuksi. Akasema maneno yangu aliyasikia vizuri sana siku ile, na yeye hakukirudisha kitu nyumbani, amekigeuza.

Ndogo ilikuwapo, mpini nje ya tope. Niliikumbatia. Liwalo na liwe, mashine moja inatosha uwanja.

Hamali alikuwa yule yule. Akakataa. Akanirudishia maneno yangu neno kwa neno, mpaka sauti akaiga. Hamali wa pili naye alikuwapo Siku ya Mwaka. Mji mzima ulikuwapo! Basi nikaisukuma mwenyewe, kanzu imejaa tope, nikapita Darajani wakati baraza zote zimekaa. Nikafika baraza ya Mzee Masoud. Mzee akaniuliza ile nuksi naipeleka mbali au ni ya hapa hapa mjini. Nikampa shikamoo. Adabu ni adabu.

Mama hakuiruhusu ivuke kizingiti. Imelala nje chini ya dirisha.

Jumamosi, 11 Shaabani

Chumvi imeila. Nimeinywesha mafuta ya nazi ya nyumba nzima, Mama hasemi nami, na ikazunguka kweli. Lakini haikati. Inang'oa! Vibarua hawakutaka hata kuigusa, kwa hiyo nimesukuma mimi tangu alfajiri. Wageni walipofika uwanja ulikuwa kama kuku aliyenyonyolewa na mtu mwenye haraka. Dada yake Bwana aliuliza kama ni maradhi.

Bwana hakuutazama uwanja. Aliitazama mashine. Akachuchumaa, akabandua chaza mdogo kwenye gurudumu, akanitia mkononi, akaniuliza wezi wetu wanaishi baharini? Nikafungua kinywa. Maisha yangu yote sijawahi kukosa uongo, leo nimekosa.

Nimefukuzwa. Akaniambia niichukue na mashine yangu. Msabah atasimamia viwanja vyote viwili.

Jumatatu, 13 Shaabani

Bi Kulthum ameniita. Nilikaa sebuleni, yeye nyuma ya pazia, na Nunu pamoja naye. Nilisikia bangili zake. Bangili za Nunu nazijua.

Uani Sichana alikuwa anakuna nazi. Nikaiona mbuzi: mpya, na ubavuni mwa chuma pana maandishi ya Kizungu. Maandishi yale nimeyatazama kila siku ya kazi yangu. Imenunuliwa kwa ajili ya jiko la Nunu. Mbuzi wa Tunguu walikula kofia, hii imekula harusi.

Bi Kulthum habari zote alikuwa nazo, Mmanga hana siri na wateja wake. Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alisema:

"Khelef mwanangu, wewe kitu kikikuchosha wakitupa. Na Nunu naye hatobaki kijana."

Bangili zikanyamaza.

Nampenda Nunu. Sijawahi kuliandika hilo humu, nimejaza karatasi kwa habari za mashine. Nilitaka kulisema pale pale, mama yake asikie, Sichana asikie. Badala yake nikasema ile kubwa ilikuwa nzito sana kusukuma.

Kisha Bi Kulthum akasema watu wa Msabah wameshafika kwake mara nyingine. Lakini hakuwapa neno. Kama Bwana Wilkoksi atanirudisha kazini kabla ya Ramadhani, nije tuzungumze. Nilisikia bangili tena, kidogo tu. Nimerudi nyumbani nikiisikia sauti ile.

Ijumaa, 17 Shaabani

Sitaki kuandika. Naandika.

Alfajiri nilifungua dirisha nikaiona ile mashine ndogo. Nikajua papo hapo chanzo cha balaa. Ndiyo hii! Kilichotupwa Mwaka nimekirudisha kwa mikono yangu, kisha nashangaa mambo kuharibika. Nikaisukuma mpaka Funguni, hori limejaa, nikaitupa kwa nguvu zangu zote. Nikarudi mwepesi. Nikanywa chai. Mama akasema nami kwa mara ya kwanza tangu yale mafuta.

Baada ya sala akaja mpishi wa Bwana, anahema. Mashine ya kijani imevunjika meno. Chuma chake chepesi, kimegonga jiwe katika mashimo niliyoyang'oa mimi. Dada yake Bwana hataki kuuona uwanja namna ile. Bwana anasema hasira zimekwisha, na vile visu vipya vya mashine ndogo bado vimo sandukuni. Niilete mashine leo. Atavitia mwenyewe, na kazi ni yangu.

Nilikimbia na kanzu nimeishika mkononi, wala sikumwamkia mtu. Maji yalikuwa yameshatoka na yanaanza kurudi. Tope tupu. Nikatazama kibandani kwa Mmanga, moshi unafuka.

Ndogo ilikuwa vipande. Mmanga akanikaribisha vizuri, akanisogezea kigoda. Akasema mimi ni mtu wa baraka, kila nikitupa yeye anapata. Akaniuliza kama nitataka mbuzi moja nimpelekee Bi Kulthum, maana kasikia kuna harusi, na zawadi ya jikoni haisahauliki. Sikukaa kwenye kigoda. Nilikaa chini, topeni, nikalia mbele ya wanawake waliokuja kwa mbuzi zao. Mmoja akanipa kitambaa.

Jumapili, 19 Shaabani

Mashine sikuipeleka, kazi sikurudishiwa, na Msabah amekubaliwa. Nikaha ni Alhamisi. Hata hana mashine, ana meno ya kijani yaliyovunjika, lakini hakuyatupa. Ameyapeleka kuungwa. Bi Kulthum amelipenda sana jambo hilo, Sichana kamwambia Mama sokoni na Mama hakunificha.

Kutwa sikutoka. Nilikaa ukumbini kufikiri nilikosea wapi, kwa sababu mtu asipolijua kosa lake atalirudia. Nimelijua. Kosa ni Funguni. Hori lile maji hutoka, na yakitoka kila kitu kinaonekana. Ningetupa upande wa Shangani, penye kina, ningekuwa leo napimwa joho la harusi.

Mwakani, tukijaaliwa, Shangani.

Nimekaa hapa ukumbini muda mrefu natazama saa ya ukutani, ya marehemu baba. Saa ile ni kuukuu, na inachelewa.