Mlango Uliokolea Chumvi

Kasiani na Stefano, ndugu zangu,

Mnivumilie kwa mwandiko huu. Naandika polepole, mkono bado unanata rangi, na herufi zangu mnazijua tangu darasani: zinatembea kama kuku aliyenyeshewa. Nilipokosea, someni kana kwamba nimepatia.

Leo nimeumbuka.

Mnamkumbuka Mzee Barnaba wa Kirua, mwenye kahawa nyingi na maneno machache. Ndiye baba yake Veronika. (Msianze.) Juzi aliniletea pikapu yake nipake rangi mlango mmoja tu, ule wa dereva. Akasema ukitoka vizuri nitapewa gari zima, na siku hiyo nitakaribishwa kwake kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, tuzungumze. Mimi, ambaye nikikutana na Veronika njiani hutazama migomba, nikaona kwamba mlango wa kuingilia kwao ndio huo.

Karakana yangu ni nusu ya banda nyuma ya nyumba. Nusu nyingine ni ya ng'ombe wa mama. Katikati pana mbao chache tu. Injini ndogo ya petroli inasukuma upepo kwenye mtungi wa chuma, na kutoka mtungini mpira unakwenda kwenye bunduki ya rangi.

Taabu yangu ni maji. Siku hizi za mvua ukungu unashuka mpaka uani, na mashine inaumeza wote. Upepo ukibanwa unatoka jasho. Kila asubuhi nafungua koki chini ya mtungi, maji yanamwagika, lakini mengine hupita na mpira. Tone likifika kwenye rangi linaacha alama kama ndui.

Mafundi wengine wangengoja jua. Wajinga hao. (Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu.) Mimi nikakaa jikoni nikiwaza, nikaona mkebe wa chumvi umelowa, na hakuna aliyeumwagia maji. Chumvi imeyavuta yenyewe hewani. Basi nikafikiri, kama inavuta maji ya jikoni, itashindwaje na ya mtungini? Hapo ndipo mngenizaba kofi, lakini mko mbali.

Nikatafuta bomba fupi, nikalijaza chumvi ya mawe ya ng'ombe, nikaziba ncha kwa vipande vya gunia, nikalifunga katikati ya mpira. Mama akauliza chumvi ya ng'ombe imekwenda wapi. Nikamjibu ni mambo ya kazi. (Fundi mkubwa!)

Nikapuliza rangi. Mlango ukang'aa, mweusi, nikajiona ndani yake: uso wa mtu mwenye akili. Sikufikiri kwamba chumvi ikishiba maji huyeyuka. Ikayeyuka kweli, ikapenya guniani, ikatoka pamoja na rangi. Mlango ulipokauka ulikuwa na vidoa vyeupe. Nikajiambia ni vumbi. Nikaingia ndani kubadili shati, maana Mzee Barnaba alikuwa anakuja mchana.

Niliporudi nilimkuta amesimama bandani, mikono nyuma. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama ng'ombe, naye ng'ombe alikuwa amepitisha shingo juu ya mbao, anaulamba mlango. Analamba taratibu, kuanzia juu kwenda chini, macho ameyafumba nusu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba." Akamwonyesha ng'ombe kwa kidevu. "Huyu anafanya nini?"

"Labda ameipenda rangi."

(Katika Kiswahili chote, nikachagua maneno hayo.)

Mzee akapitisha kidole mlangoni, akakilamba. Akatulia kama mtu anayeonja mchuzi.

"Imekolea," akasema.

Ikabidi nieleze. Nikaanza na ukungu, nikaja kwenye mtungi na jasho lake, nikamalizia na chumvi. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa upuuzi mtupu. Mama akatoka jikoni, akasikia chumvi yake ilikokwenda, akacheka mpaka akashika nguzo. Mzee hakucheka hata kidogo.

"Kijana, nilikupa mlango upake rangi. Wewe umeuunga kama mboga."

Akaniambia chumvi itaula ule mlango kabla kahawa haijaiva, na kwamba gari analipeleka kwa fundi mjini Moshi, fundi anayengoja jua. Habari ya mbege hakuigusa. Akazunguka, akaingia kwa mlango wa pili, akajiburuta mpaka kwenye usukani, akaondoka. Kutoka hapa Kilema mpaka Kirua watu wote wameona mlango uliolambwa na ng'ombe.

Sasa mama amekwisha kata jani la sale, lile la kuombea msamaha. Anasema kosa kama hili haliombewi radhi mikono mitupu, na kesho lazima nilipeleke mwenyewe. Kwa hiyo kesho, kwa mara ya kwanza, nitaingia nyumbani kwa akina Veronika. Siku hiyo nimeiota sana. Katika ndoto zote nilivaa shati jeupe na nilikuwa na maneno mazuri. Hakuna hata moja ambamo nilisimama mlangoni na sale mkononi, naomba msamaha wa kuunga gari chumvi.

Msicheke. Ikiwashinda, chekeni kwanza mmalize, kisha niandikieni upesi, mniambie: Veronika akiniuliza ng'ombe anaendeleaje, nimjibu nini?

Ndugu yenu,
Filipo